Barafu ya Matunda Bila Tone la Maji

Kuanzia Januari hadi mvua za masika zinapokaribia mwishoni mwa Machi, mchana wa Nakuru ni wa jua kali na vumbi, hata kama asubuhi ulitoka nyumbani umevaa sweta. Ni miezi ambayo watoto huulizia kitu baridi kabla hawajavua viatu vya shule. Ni miezi hiyohiyo ambayo Top Market na Soko la Wakulima hujaa maembe na matikiti maji. Mwongozo huu ni wa kuyageuza matunda hayo kuwa barafu laini inayochoteka kwa kijiko, yenye ladha ya tunda lenyewe, jikoni mwako. Mashine ya aiskrimu haihitajiki. Unahitaji friza, hata ile ndogo ya juu ya friji ya mlango mmoja, bakuli pana, uma, chujio na saa chache za kuwa nyumbani.

Shauri langu kubwa ni moja: usiongeze maji. Mapishi mengi ya barafu ya matunda huanza kwa kuchemsha maji na sukari mpaka viwe sharubati nyepesi, kisha tunda linachanganywa humo. Kwa ndimu hakuna njia nyingine. Kwa embe, papai au tikiti maji ni hasara, kwa sababu tunda tayari limejaa maji. Tikiti maji lenyewe ni maji zaidi ya sehemu tisa kwa kumi. Kila kikombe unachoongeza kinapunguza ladha na kuzidisha chenga za barafu mdomoni.

Kwa sisi wa Bonde la Ufa la kati kuna sababu nyingine, na naiona nzito kuliko ya ladha. Eneo hili limekaa juu ya miamba ya volkano, na maji ya visima vingi vilivyochimbwa kati ya Naivasha, Nakuru na Njoro yana floraidi nyingi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vyetu hukipita. Madoa ya kahawia unayoyaona kwenye meno ya watu waliokulia hapa yametokana na floraidi waliyokunywa utotoni, wakati meno ya ukubwani yalipokuwa yakijengeka ndani ya ufizi. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki, na unachopata ni maji yenye floraidi kali zaidi. Ndiyo maana Jimbo Katoliki la Nakuru lilijishughulisha kwa miaka mingi na vichujio vya mkaa wa mifupa, ambao huinasa floraidi. Barafu huliwa zaidi na watoto, tena wa umri uleule ambao meno yao yako hatarini. Maji ya ndani ya tunda hayakupi wasiwasi huo.

Pale ambapo maji hayaepukiki, kama kwenye ukwaju nitakaoutaja mbele, tumia ya mvua au yaliyopita kwenye kichujio cha floraidi, kisha uyachemshe. Kuganda hakuui vijidudu vya homa ya matumbo wala vya kipindupindu. Huvilaza tu, vikaamka barafu inapoyeyuka. Nakuru mjini maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 kwa sababu ya mwinuko, lakini yakitokota sawasawa kwa dakika moja yanatosha. Ukiwa Molo au popote palipopita mita 2,000, yaache yatokote dakika tatu.

Matunda ya chini na ya juu

Mpishi wa Nakuru ana bahati ambayo wa Nairobi hana: anakaa kati ya joto na baridi, na pande zote mbili humletea matunda. Ukishika barabara ya Marigat unateremka, unapita Mogotio ambako Ikweta inakata barabara, na ukifika Marigat uko kwenye mita 1,000 hivi, joto likikupokea mlangoni mwa matatu. Huko ndiko kwenye skimu ya umwagiliaji ya Perkerra, na huko hutoka matikiti maji na mapapai. Ng'ambo ya milima ya Tugen, Bonde la Kerio huleta maembe. Ukipanda upande wa pili, kuelekea Bahati na Subukia, hali ya hewa inapoa, na mashamba yanatoa pasheni na matunda ya damu, yale mekundu yenye umbo la yai. Kinangop nayo hutuma plamu mwanzoni mwa mwaka.

Tumia mgawanyo huo kama kanuni. Barafu nzuri inataka tunda zito na tamu kutoka kwenye joto, na tunda chachu kutoka kwenye baridi. Embe peke yake likiganda huwa tamu hadi linachosha. Ukilitia pasheni linaamka. Papai bila ndimu lina harufu isiyopendwa na wengi, lakini ndimu mbili tu hulibadilisha. Kwa upande mwingine, pasheni au plamu bila kitu kizito hukupa barafu kavu inayokwaruza ulimi.

Embe la kutafuta ni apple, lile la mviringo lenye shavu jekundu, au ngowe, lile refu lenye ncha iliyopinda. Yote mawili yana nyama laini isiyo na nyuzi. Maembe ya kienyeji yana utamu wa ajabu, ila nyuzi zake zitakulazimisha kuchuja mara mbili. Usichague kwa rangi. Linuse embe pale lilipokatika kikonyo: likiwa halinukii kitu, limeharakishwa kuiva, na friza haitalipa ladha ambayo halikuwa nayo. Pasheni iliyonyauka ganda ni tamu zaidi; iliyo laini na nzito mkononi ina maji mengi. Changanya za aina zote mbili. Mwambie muuzaji kwamba unataka matunda ya kula leo. Mara nyingi yaliyoiva kupita kiasi, yale anayotaka kuyaondoa mezani kabla ya jioni, huuzwa kwa bei nafuu, na hayo ndiyo hasa ya kazi hii, mradi hayajaanza kuchacha.

Embe na pasheni, hatua kwa hatua

Kipimo hiki kinatosha watu sita hadi wanane. Nunua maembe ya apple matatu makubwa, upate gramu 700 za nyama. Pasheni kumi, upate kama mililita 150 za maji yake baada ya kuchuja. Sukari gramu 130, yaani theluthi mbili ya kikombe cha mililita 250. Na chumvi kidogo sana, ya kubana kwa vidole viwili.

Osha matunda yote kabla ya kuyakata, hata yale yatakayomenywa, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani. Menya maembe, yakate vipande, yanyunyizie sukari na chumvi, funika, na uyaache kwa nusu saa. Usiipite hatua hii. Sukari itavuta maji kutoka ndani ya embe, na ukirudi utakuta vipande vinaogelea kwenye sharubati ya rangi ya dhahabu ambayo hukuipika. Hayo ndiyo maji yako. Wakati huo pasua pasheni, kamua kwenye chujio na usugue mbegu kwa mgongo wa kijiko mpaka zibaki nyeusi na kavu.

Saga vyote pamoja kwenye blenda. Huna blenda? Ponda maembe kwa mwiko na uyapitishe kwenye chujio. Barafu itakuwa na mwili zaidi, na mimi sioni ubaya wowote. Sasa onja. Mchanganyiko unapaswa kuwa mtamu kupita unavyopenda, na mchachu kupita unavyopenda pia, kwa sababu ulimi uliopozwa hausikii utamu vizuri. Ukiuonja ukasema uko sawasawa, barafu itapooza.

Kuna watu wanaopunguza sukari hapa kwa nia njema, halafu wanashangaa kupata jiwe. Sukari kwenye barafu ina kazi mbili: inatia utamu, na inazuia sehemu ya maji isigande. Ukitaka barafu inayochoteka, sukari yote kwa jumla, ile ya tunda na ile uliyotia, iwe karibu robo ya uzito wa mchanganyiko. Kipimo nilichokupa kinakufikisha hapo. Kwa maji mepesi ya matunda, ambapo ni vigumu kukisia, yai hukusaidia. Mimina kiasi kwenye gilasi ndefu, uzamishe yai bichi, jipya, lililooshwa kwa sabuni. Likizama, sukari ni ndogo. Likielea na kuonyesha juu duara la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, hapo ndipo. Likitoa kichwa zaidi ya hapo, ongeza maji ya tunda. Yale ya kwenye gilasi uyamwage, usiyarudishe.

Asali ya Baringo inafanya kazi hii kwa nguvu zaidi, maana sukari zake huzuia kuganda kuliko sukari ya kawaida. Ukiondoa vijiko viwili vya sukari na kutia vijiko viwili vya asali, barafu italainika wazi. Usizidishe, kwa sababu asali ya nyika ina harufu kali inayoweza kulimeza embe. Na barafu yenye asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

Weka mchanganyiko kwenye sehemu ya kawaida ya friji kwanza, saa mbili au usiku kucha, upoe kabisa. Kisha uumimine kwenye bakuli au trei pana ya chuma kisichoshika kutu, kina kisizidi sentimita tatu. Chuma hupitisha ubaridi upesi kuliko plastiki, na kina kifupi huganda kwa haraka. Kuganda kwa haraka ndiko kunakotoa chembe ndogo. Sufuria ya alumini iache kabatini: uchachu wa pasheni huila, na barafu hupata ladha ya bati. Funika vizuri, hasa kama friza ina samaki au nyama.

Baada ya dakika 45 hivi, fungua utazame. Kingo zitakuwa zimeshika na katikati bado majimaji. Chukua uma, kwaruza kingo zote, uvute ile barafu hadi katikati, uponde mapande, usawazishe, urudishe. Kila baada ya nusu saa rudia. Mara ya pili utaona kitu kama theluji chafu, na utadhani umeharibu. Mara ya tatu rangi hupauka kidogo, mchanganyiko unakuwa mzito, na uma unaacha mifereji isiyojifunga. Mara ya nne kawaida ndiyo ya mwisho. Kila ukwaruzapo unavunja chembe kabla hazijashikana, na unaingiza hewa kidogo. Baada ya hapo iache saa moja bila kuigusa, na iko tayari.

Ikiwa siku nzima uko kazini, kuna njia ya mkato. Gandisha mchanganyiko usiku kucha kwenye vitrei vya vipande vya barafu. Kesho yake vitoe, viache mezani dakika kumi, kisha uvisage kwa blenda kidogokidogo, kwa kubonyeza na kuachia. Usitie vyote kwa pamoja wala vikiwa bado vigumu kama kokoto, maana injini za blenda nyingi za nyumbani hazikuundwa kwa kazi hiyo.

Friji ndogo, na stima ikipotea

Tazama mlango wa friza yako kama una nyota. Nyota tatu ni nyuzi 18 chini ya sifuri, na mapishi yote hapo juu yatafaulu. Nyota mbili ni nyuzi 12 chini ya sifuri. Utahitaji saa zaidi. Nyota moja, kama ilivyo kwa friji nyingi ndogo za vyumba vya kupanga, ni nyuzi 6 tu chini ya sifuri, na mchanganyiko wenye sukari nyingi hautashika humo hata ukingoja hadi kesho. Wewe tengeneza barafu ya kukwaruza ya tikiti maji. Chukua kilo moja ya nyama nyekundu bila mbegu, ponda na uchuje, tia sukari gramu 100, maji ya ndimu mbili na majani machache ya nanaa yaliyotwangwa. Sukari ni ndogo, kwa hiyo inaganda kwa urahisi. Hutafuti ulaini, unatafuta chenga nyembamba za kukwaruzwa kwa uma na kuliwa papo hapo kwenye gilasi. Siku ya jua kali naipenda kuliko ile ya embe. Tikiti zuri ni zito kuliko linavyoonekana, na upande uliolalia udongo una doa la manjano iliyokolea. Doa likiwa jeupe, lilichumwa mapema.

Ikiwa huna friji kabisa, chumvi na ndoo vitakutosha. Nunua kilo tatu za barafu, ipige ndani ya gunia safi mpaka iwe vipande vidogo, na uichanganye na kilo moja ya chumvi kwenye ndoo. Chumvi ya mawe ya bei nafuu inafaa, kwa kuwa haitagusa chakula. Chumvi hulazimisha barafu iyeyuke, na barafu inapoyeyuka hunyonya joto la kila kitu kilicho karibu nayo. Ubaridi unaweza kushuka chini sana ya sifuri, kwa kipimo kamili karibu nyuzi 21. Katikati ya ndoo zamisha sufuria ndogo ya chuma kisichoshika kutu yenye mchanganyiko uliopoa, kifuniko kikiwa juu zaidi ya barafu ili maji ya chumvi yasiingie. Izungushe kwa mkono, kulia na kushoto, na kila dakika tano ufungue na kukwangua kingo kwa mwiko. Watoto hugombania kazi hii. Wape kitambaa cha kushikia, maana chuma baridi kiasi hicho huunguza ngozi. Baada ya dakika 30 hadi 40 una barafu, na mara nyingi ni laini kuliko ya friza kwa sababu haikuacha kuzungushwa. Maji ya chumvi usiyamwage kwenye sukuma au maua, yataungua.

Stima ikipotea usiku, usifungue friza. Ukikuta barafu imelainika lakini bado ina chembe, ikwaruze upya na uirudishe. Ikiwa imeyeyuka yote na ni ya matunda matupu na bado ni baridi, isage, uigandishe tena siku hiyohiyo, au uinywe. Yenye maziwa iliyokaa imeyeyuka kwenye joto imwage.

Michanganyiko mingine ya kujaribu

Ndizi mbivu zenye madoadoa ni rahisi kuliko zote. Zikate vipande, zigandishe, zisage na mala kikombe kimoja kwa ndizi nne. Hakuna sukari ya kuongeza, na unapata kitu kinachokaribia aiskrimu ya dukani. Mala hiyohiyo, kikombe kimoja kwenye kipimo cha embe badala ya pasheni, huleta uchachu na ulaini kwa pamoja.

Matunda ya damu yana ngozi chungu. Yatie kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, ngozi itavuka kwa vidole. Kisha yaponde, uyachuje na kuyachanganya nusu kwa nusu na papai au ndizi. Rangi yake ni nzuri mno, nyekundu iliyoiva, na wageni hudhani umetia kitu.

Ukwaju tunauhusisha na pwani, ambako barafu za ukwaju na za ubuyu zimelea vizazi vya watoto, lakini mkwaju huota pia kwenye nyanda za joto za Baringo na Kerio. Loweka gramu 200 kwenye nusu lita ya maji uliyoyachemsha, pikicha kwa mkono safi, chuja, tia sukari, kisha upime kwa yai. Kijadi barafu za aina hii zilifungwa kwenye vifuko vyembamba vya nailoni. Tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungia imepigwa marufuku Kenya, hivyo tumia vikombe vya yoghurt vilivyooshwa kwa maji moto, na ujiti wa mbao katikati. Ukitaka kuvitoa, shika kikombe viganjani kwa nusu dakika.

Barafu ya trei itoe dakika kumi kabla ya kula, na uzamishe kijiko kwenye maji moto kati ya mchoto na mchoto. Ladha yake ni kali zaidi siku mbili za kwanza. Ikifika wiki mbili huanza kukusanya chembe kubwa juu na kunyonya harufu za friza. Wakati huo itie yote kwenye blenda, uongeze mala au maji ya pasheni, na uinywe kwa gilasi.